Uzamili wa uchongaji: kabla ya kukimbilia London, angalieni Kumasi na Baroda

Nakshi_Vuga (mtoa mada)

Assalaam alaykum wanajamvi.

Kila mwaka inapokaribia Disemba napata ujumbe wa vijana wa Unguja na Pemba wanaotaka kusoma shahada ya uzamili ya uchongaji nje ya nchi. Wengi wana mikono kweli. Kuna waliokulia kwenye karakana za milango, kuna waliosoma sanaa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuna waliopita chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo kisha wakaendelea mbele. Swali lao la mwanzo ni lile lile: "Dada, London naipataje?" Leo naandika kwa urefu, na anayeona vingine aseme, uzi ni wetu sote.

Kwanza mjue mnaomba nini. Ukifika uzamili hakuna mtu atakayekufundisha kushika patasi. Unapewa chumba, ufunguo wa karakana, na muda. Marekani muda huo kwa kawaida ni miaka miwili. Royal College of Art ya London, ambayo haipokei kabisa wanafunzi wa shahada ya kwanza, siku hizi inamaliza uzamili wa uchongaji kwa mwaka mmoja. Cranbrook, kule Michigan, hawana hata ratiba ya masomo: kila idara ina msanii mmoja anayeishi na kufanya kazi pale pale, na wanafunzi wanafanya kazi zao pembeni yake miaka miwili.

Kinachobeba masomo yenyewe ni kikao cha kukosoa kazi. Unaileta kazi katikati ya chumba, walimu na wenzako wanaizunguka, wanachuchumaa, wanaigusa, halafu wanaanza. Kwa nini ukubwa huu? Kwa nini mti huu na si mwengine? Uzito umeuweka wapi? Na swali linalowachoma sana watu wa kwetu: mgongo wa kazi uko wapi? Sisi tumelelewa na nakshi za milango, na mlango una uso mmoja. Mkono wetu unajua kina cha nusu inchi, unajua ua, mnyororo, samaki na mtende juu ya mfaa na kizingiti. Kuifanya kazi isimame yenyewe, mtu aizunguke na kila upande umpe kitu, hilo ni jambo jengine kabisa, na kwa mchongaji wa Zanzibar ndiyo sababu kubwa ya kwenda kusoma.

Sasa kuhusu wapi. Kabla ya jina la skuli, ulizeni ina tanuri gani. Kazi ya shaba nyeusi inaanzia kwenye nta: unaichonga nta, unaivika kalibu, unaipasha moto nta itoke, halafu unamimina shaba iliyoyeyuka mahali nta ilipokuwepo, kwa joto linalopita nyuzi 1,000. Ile sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam, iliyosimamishwa 1927, ni kazi ya Mwingereza James Alexander Stevenson, na ilimiminwa huko huko London. Skuli yenye tanuri lake inakupa kazi hiyo mwanzo mpaka mwisho. Isiyokuwa nalo itakutuma kwenye kiwanda cha nje, na bei ya kiwanda mfuko wa mwanafunzi hauiwezi.

Halafu ulizeni ni nani ataingia chumbani kwako kuitazama kazi, na yeye mwenyewe anafanya kazi na vitu gani. Hapo ndipo mie naipenda Kumasi. Chuo kikuu cha KNUST, Ghana, kina uzamili wa uchoraji na uchongaji kwa pamoja. El Anatsui alisoma pale miaka ya 1960, akaanza na sinia za mbao za wauza sokoni akizichoma alama kwa chuma cha moto, na baadaye sana ndipo zikaja zile pazia kubwa za vifuniko vya chupa. Mwaka 2015 maonesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, yalimpa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwa kazi ya maisha yake. Ibrahim Mahama alimaliza uzamili Kumasi 2013. Huyu anashona magunia yaliyobebea kakao na makaa, anavisha majengo mazima. Mtu wa Pemba aliyekua akiona magunia ya karafuu yakipangwa kwenye maghala ya ZSTC, shirika la biashara la serikali, ataielewa kazi ile kabla hajasomewa maelezo yake.

Na Baroda, India. Kitivo cha sanaa cha Chuo Kikuu cha Maharaja Sayajirao kilianzishwa 1950, na kiko Gujarat, upande ule ule walikotoka mafundi ambao mkono wao tunauona mpaka leo kwenye milango ya Mji Mkongwe. Mwalimu wake mkubwa wa mwanzo wa uchongaji alikuwa Sankho Chaudhuri, mwanafunzi wa Ramkinkar Baij wa Santiniketan. Ramkinkar mwaka 1938 alisimamisha familia nzima ya Wasanthali, kabila la kule, mtu na mkewe na watoto na mbwa, kwa saruji na kokoto nyekundu za palepale. Hakungoja marumaru. Kwa sisi tusio na marumaru wala mgodi wa shaba, hilo ni somo la kwenda kulifuata.

London siidharau. Lubaina Himid alizaliwa hapa Zanzibar 1954, akasoma uzamili Royal College of Art (ingawa wake ulikuwa wa historia ya utamaduni), na 2017 akachukua tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa Uingereza. Wangechi Mutu wa Nairobi alimaliza uzamili wa uchongaji Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2000, na 2019 wanawake wake wanne wa shaba waliketi usoni mwa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Ninachokataa ni kijana kuomba London peke yake, akikosa anarudi kuchonga vinyago vya watalii na moyo umevunjika, na hata barua moja hajaandika Kumasi, Baroda wala Makerere hapo jirani.

---

BintiWete

Wa alaykum salaam dada. Nimesoma mara mbili. Mimi ni mwalimu wa skuli huku Pemba, nina shahada ya sanaa kutoka Bara, na uchongaji ndio ninaoupenda. Kinachonizuia si fedha peke yake. Baba ni mtu wa msikitini na amesema wazi kwamba kutengeneza sanamu ya kiumbe hakubali, na mimi sitaki kusoma kitu ambacho nikirudi nyumbani nitakificha chini ya kitanda. Je, huko watanilazimisha kuchonga watu? Na nikikataa, nitakuwa mwanafunzi nusu?

---

Nakshi_Vuga

BintiWete mdogo wangu, swali hili wengi wanalo na wanaona haya kuliuliza. Mie si sheikh, hukumu waulizwe wenye ilimu yao, na baba yako ana haki ya kusikilizwa. Nitasema la upande wa kazi tu.

Katika uzamili kazi unaipanga wewe. Kuchora na kufinyanga mwili wa mtu ni mazoezi ya shahada ya kwanza zaidi. Tena ukitazama uchongaji wa miaka sitini iliyopita, sehemu kubwa ya kazi zinazoheshimiwa hazina umbo la kiumbe hata moja. Nitakupa mtu mmoja umfuatilie sana: Martin Puryear. Mmarekani huyu alikwenda Sierra Leone mwaka 1964 kufundisha kwa kujitolea, akakaa na maseremala wa kule akajifunza ufundi wao. Akaenda Stockholm, kisha Yale, na uzamili wa uchongaji akaumaliza 1971. Kazi zake ni mbao zilizopindwa na kuunganishwa kwa ufundi wa waunda vyombo na wasusi wa vikapu. Ana ngazi moja ndefu aliyoitengeneza 1996, ya mti mmoja uliopasuliwa, inayokwenda ikijipinda na kuwa nyembamba juu mpaka jicho linadhani haina mwisho. Venice ya 2019 Marekani iliwakilishwa na yeye. Sasa wewe nenda Nungwi, ukae na mafundi wa majahazi, utazame tezo inavyokata taruma na keekee inavyotoboa, kisha uniambie kama unahitaji kuchonga mtu ili uwe mchongaji.

Na kwetu hili lina asili. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na tarehe yake ni mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Jiwe lile lilitolewa baharini likachongwa lingali bichi na laini, likakauka hewani likawa gumu. Miaka mia tisa na ushei, na makali ya herufi bado yanasomeka. Huo ni uchongaji wa daraja la juu kabisa duniani. Kwenye barua yako ya maombi usiandike kwamba "dini inanizuia". Andika kwamba unatoka kwenye desturi ya kuchonga herufi, ua na umbo tupu, na unataka kujua desturi hiyo ikitolewa ukutani ikasimama peke yake itakuwaje. Mwalimu yeyote makini akisoma hivyo atataka kukuona.

---

Fundi_Malindi

Vijana nawasikiliza. Mimi nachonga milango tangu sijaota ndevu. Kwangu mtoto anaanza kwa kupiga msasa, akitulia anapewa kuchora ua kwenye karatasi, akiweza kuchora ndipo anapewa patasi, na mti wa mwanzo ni mfenesi kwa sababu unasamehe. Msaji anaushika baadaye. Hakuna cheti. Sasa nauliza kwa nia safi: huyo aliyekaa miaka miwili akiulizwa "kwa nini umeweka hapa", amerudi na nini ambacho mwanafunzi wangu hana? Nimewaona wenye vyeti wakija dukani kwangu hawajui kunoa patasi.

---

Nakshi_Vuga

Mzee wangu, shikamoo. Na kweli, asiyejua kunoa asiende popote, aje kwako kwanza. Mie ningependa kila mwombaji kutoka visiwa hivi apite karakana kama yako, kwa sababu mkono haupatikani uzamili. Ukienda bila mkono, miaka miwili itaishia kwenye maneno.

Ila mzee, mwanafunzi wako akija siku moja na umbo ambalo halipo kwenye mlango wowote wa Mji Mkongwe, utamwambia arudi kwenye ua la kawaida, na utakuwa sawa, maana mteja ameagiza mlango na amelipia mlango. Uzamili ni pale asipokuwepo mteja. Kwa muda ule mtu ana ruhusa ya kukosea mti wa bei, kufanya kitu kisichouzika, na watu wenye macho makali wakamwambia kweli. Hapa Unguja mahali pa namna hiyo hatuna, na naona ni hasara yetu.

---

Fundi_Malindi

Wa marahaba. Hilo la mteja nimelielewa. Bado nasema wengine wanaenda kutafuta cheti tu, lakini hilo nimelielewa.

---

Mwenge_Mpingo

Salaam kutoka Bara. Naongezea mambo mawili ya vitendo. Mpingo mzito unaozama majini ndio sisi huku tunaouchonga, na mtu akitaka kuomba skuli na kusafirisha kazi za mpingo ajue kwamba jamii yote ya miti ile imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe na mimea iliyo hatarini, tangu Januari 2017. Kazi zilizokamilika zisizozidi kilo 10 kwa mzigo zimesamehewa, juu ya hapo unahitaji kibali. Nyinyi wa visiwani muwe waangalifu pia na matumbawe mabichi, yamo kwenye orodha hiyo hiyo. Msibebe begi likaja kukwama uwanja wa ndege.

La pili ni vumbi. Vumbi la mpingo linawasha ngozi na kifua, na vumbi la mawe linaharibu mapafu polepole bila mtu kujua. Vaeni barakoa ya vumbi inayobana vizuri, kitambaa hakitoshi. Skuli nzuri za nje hazikufungulii mashine mpaka umepita mafunzo ya usalama, na zina mitambo ya kufyonza vumbi. Tuige huku huku kabla ya kwenda.

Na msisahau kwamba shule ya uchongaji wa kusimama pande zote tunayo. Kazi ya ujamaa ya Wamakonde, watu waliobebana kwenye gogo moja, haina mgongo wala mbele. Mchongaji wa milango akikaa Mwenge, kwa wachonga vinyago wa Dar, msimu mmoja ataelewa lile swali la mtoa mada bila nauli ya ndege.

---

Nakshi_Vuga

Mwenge_Mpingo, umesema jambo ambalo ningepaswa kuliandika juu kabisa. Ahsante sana.

---

Yakhe_Konde

Yakhe, tuzungumze fedha maana ndipo wengi wanapokwama. Nimewasaidia jamaa kadhaa kuomba, japo fani nyengine.

Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipia uzamili wa mwaka mmoja Uingereza, inataka uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na ukimaliza lazima urudi nyumbani ukae si chini ya miaka miwili. Kwa hiyo kozi ya miaka miwili haiingii, ya mwaka mmoja inaingia. Watu wanapoteza msimu mzima kwa kutokuliangalia hilo. Fulbright, ufadhili wa Marekani, mnaulizia ubalozi wa Marekani Dar. Vyuo vya serikali vya Marekani mara nyingi vinapunguza au kusamehe ada ukisaidia kufundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na hilo watu wa huku hawaliulizi kabisa.

India kuna ufadhili wa ICCR kwa Waafrika, unalipa ada na posho ya kujikimu. Tena ubalozi mdogo wa India upo hapa hapa mjini Unguja, huna haja ya kupanda boti. Watu siku hizi wakisikia India wanafikiria IIT Madras ya Bweleo na kompyuta tu, kumbe mlango wa sanaa upo. Na Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar nendeni mkaulize ana kwa ana kama fani imo kwenye vipaumbele vya mwaka husika, msitegemee maneno ya barazani.

---

Kizingo_2

Swali langu ni moja. Akirudi, kazi iko wapi?

---

Nakshi_Vuga

Kizingo, ni swali la haki na sitakudanganya kwamba ajira zimepangwa foleni. Kufundisha chuoni kupo, ila cheti cha nje kipelekwe TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kitambuliwe, na ukitaka kupanda zaidi ya ngazi ya mhadhiri msaidizi utadaiwa uzamivu, hata kama Marekani wanauhesabu uzamili huu kuwa ndio shahada ya mwisho ya fani.

Mie naangalia zaidi hapa mjini. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000. Beit el Ajaib sehemu yake ilianguka Disemba 2020. Majengo haya yanataka watu wanaojua chokaa, jiwe, boriti na nakshi, na ambao pia wanaweza kukaa mezani na wataalamu wa nje wakabishana nao kwa hoja. Watu wa namna hiyo tunao wachache mno.

Na kuna jambo linaloniuma. Pale Mkunazini, kwenye uwanja wa kanisa lilipokuwa soko la watumwa, ipo ile kazi ya watu watano wamesimama ndani ya shimo na minyororo shingoni. Ni kazi nzuri, nikiwa na mgeni nampeleka. Aliyeichonga ni Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, mwaka 1998. Namshukuru. Lakini historia ile ni ya kwetu, na kila nikisimama pale najiuliza kwa nini hatukuwa na mtu wetu wa kukabidhiwa. Zitakuja kumbukumbu nyengine, za Mapinduzi, za mv Spice Islander, za wazee wa karafuu. Nataka siku serikali au mtaa ukitafuta mchongaji, majina ya watoto wa hapa yawe mezani, na kazi zao zishindane na za yeyote.

---

BintiWete

Dada, nimemsomea baba ule ujumbe wa Kizimkazi. Amenyamaza kidogo, kisha akasema Kizimkazi babu yake alipata kuswali. Hajasema ndiyo, lakini amesema nimuoneshe hizo kazi za ngazi na magunia. Sasa nataka kuanza. Nina kazi chache za mti na moja ya chokaa. Jalada la maombi liweje?

---

Nakshi_Vuga

Mashaallah, msalimie sana baba.

Skuli nyingi zinataka picha 10 mpaka 20, na kwa kila kazi utaandika kitu ulichotumia, vipimo na mwaka. Usijaze. Kazi nane zenye nguvu, nyengine zikipigwa pande mbili au tatu, zinashinda ishirini za kubahatisha. Ukuta mweupe au shuka la kijivu nyuma, hakuna mapazia ya maua, hakuna watoto wanaochungulia. Mwanga utoke ubavuni, kwa sababu mwanga wa mbele unaua kina chote na nakshi inaonekana kama imechorwa. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi karibu na mlango ulio wazi ni bora kuliko taa yoyote utakayonunua. Weka picha moja ya karibu sana, alama za patasi zionekane, na moja inayoonesha ukubwa wa kazi chumbani.

Waandishi wa barua za mapendekezo, mara nyingi watatu Marekani na wawili Uingereza, uwaombe mapema, na mmoja awe mtu aliyekuona ukifanya kazi kwa mikono. Mwalimu aliyekusahihishia insha hatoshi. Maombi ya Marekani mengi yanafungwa kati ya Disemba na Januari, kwa hiyo una miezi ya kuongeza angalau kazi mbili mpya. Ningefurahi mojawapo iwe kubwa kuliko wewe, na iwe ya kuzungukwa.

---

BintiWete

Ya kuzungukwa ndiyo sina. Na gogo kubwa huku nitalipata, lakini patasi zangu ni za skuli, ndogo.

---

Fundi_Malindi

Mwanangu BintiWete, ukija Unguja wakati wa likizo pita kwangu Malindi, mtumie mtoa mada ujumbe atakuelekeza duka. Patasi zipo za kila upana na nyundo zake. Gogo usibebe kutoka Pemba, lipo la mfenesi nyuma ya karakana limekauka vizuri, nilikuwa nalihifadhi bila kazi. Uje na mchoro wako, na uje na baba akitaka. Ijumaa nafunga saa tano.